Mkono Ulioachia Mafuta: Uchambuzi wa Kisa cha Jetiski na Mtumbwi katika Ghuba ya Bukavu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Bukavu, alasiri ya Jumapili moja ya kiangazi, miaka michache iliyopita. Kwa kuwa nimewafundisha vijana wengi wa ziwani kuendesha vyombo vya injini, wenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikikodisha jetiski, yaani vyombo vidogo vya injini vinavyokaliwa kama pikipiki juu ya maji, waliniita siku ya pili yake. Nilizungumza na kila aliyehusika, mmoja mmoja, kisha nikakaa nao wote pamoja kando ya mashine yenyewe. Majina yameachwa, mahali hasa pa tukio hapatajwi, na mambo machache yasiyoathiri maana yamegeuzwa ili asitambulike mtu. Walioniruhusu kuandika waliweka sharti moja, ambalo mzee aliyepinduliwa mtumbwi alilitamka kwanza na wengine wakalikubali: maandishi haya yawafikie wanaokodisha vyombo, si wanaovikodi peke yao.

Ghuba, upepo na mashine

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kusini mwake mji wa Bukavu umejengwa juu ya rasi zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Katikati ya vidole hivyo maji hutulia, na mgeni akitazama kutoka ufukweni huona uwanja mpana usio na mtu. Lakini ghuba ni njia ya watu. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, hutoka jioni na taa zao, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu, na hurudi alfajiri. Mchana hubaki mitumbwi midogo ya kupiga kasia: mama anayevusha makaa au ndizi, mvuvi wa nyavu chache, watoto waliotumwa ng'ambo. Mitumbwi hiyo hukaa chini sana majini, mbao zake zimekuwa nyeusi kwa miaka ya maji, na mtu aliyeketi ndani yake huonekana kwa mbali kama gogo linaloelea.

Kiangazi upepo huvuma mara nyingi kutoka kusini. Kwa ghuba ya Bukavu maana yake ni kwamba karibu na ufuko maji huonekana shwari, kwa sababu upepo unatoka nchi kavu, ilhali kitu chochote kinachoelea bila kushikwa husukumwa kuelekea kaskazini, kwenye ziwa lenyewe. Siku ya kisa hali ilikuwa hivyo hivyo.

Jetiski iliyohusika ilikuwa ya watu watatu, yenye uzito wa zaidi ya kilo 300, na haikuwa na breki. Mashine zenye breki ya maji zilianza kuuzwa mwaka 2009, na hii ilikuwa ya kabla ya hapo. Chombo cha namna hii hakina ubao wa usukani unaokata maji nyuma yake. Maji huvutwa kupitia wavu wa chuma ulio chini ya tumbo la mashine, rafadha iliyofichwa ndani ya bomba huyasukuma, nayo hutoka nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Mwendeshaji anapogeuza mikono ya usukani, kinachogeuka ni mdomo huo. Maji yakitoka kwa nguvu, mashine hutii. Mafuta yakiachiwa, maji hayatoki kwa nguvu tena, mdomo unageuka bure, na mashine huendelea kulekule ilikokuwa ikielekea.

Waliohusika

Mwendeshaji alikuwa kijana wa miaka 27, aliyekuwa akiendesha pikipiki kila siku kwa miaka sita katika barabara za Bukavu zenye miteremko na matope, bila kuanguka hata mara moja na abiria. Nyuma yake aliketi dada yake mdogo wa miaka 19, ambaye hakujua kuogelea. Kwenye mtumbwi walikuwa mzee mvuvi wa zaidi ya miaka 60 na mjukuu wake wa kiume wa miaka tisa. Ufukweni alikuwapo msimamizi wa vyombo, mtu mwangalifu kwa tabia, ambaye mwenyewe aliendesha jetiski vizuri sana.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Saa tisa na nusu alasiri kijana na dada yake walifika kukodi mashine kwa nusu saa. Msimamizi alimwuliza kijana kama aliwahi kuendesha. Jibu lilikuwa: «Naendesha pikipiki kila siku, ndugu yangu.» Msimamizi akasema: «Basi ni kama pikipiki tu, ila hii haina breki.» Wote wawili waliyakumbuka maneno haya vilevile nilipowauliza kila mmoja peke yake.

Maelezo mengine yalichukua dakika tano hivi. Kijana alionyeshwa kitufe cha kuwashia, kitufe cha kuzimia na kikono cha mafuta kinachovutwa kwa kidole. Aliambiwa asivuke mstari wa bidoni (madumu ya plastiki) za njano zilizofungiwa mawe, mita kama mia moja kutoka ufukweni. Kamba ya kuzimia injini, ambayo ncha yake moja huchomekwa kwenye mashine na nyingine hufungwa kwenye mkono au kwenye jaketi la mwendeshaji, ilikuwa tayari imezungushwa kwenye mkono wa usukani. Iliachwa hapohapo. Jaketi la kuokolea maisha la kijana lilimkaa sawa. La dada yake lilikuwa la mtu mnene. Aliposema kwamba linampwaya, alijibiwa: «Ni kubwa, lakini litakubeba.»

Kwa dakika kumi na tano kijana alizunguka ndani ya mstari, kwa mwendo wa wastani, bila tatizo. Kisha akavuka bidoni. Alinieleza kwamba ndani ya mstari mawimbi yake mwenyewe yalikuwa yanamrudia na kumtikisa dada yake, na huko nje maji yalionekana laini zaidi. Alielekea magharibi, jua likiwa mbele yake na mng'ao wake umetanda juu ya maji. Dada yake alimwambia jambo, akageuza kichwa kumsikiliza. Aliporudisha macho mbele, mtumbwi ulikuwa mita 40 hivi mbele yake.

Kwa makadirio yake alikuwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Alikuwa na sekunde tatu, na katika sekunde hizo alifanya kile ambacho miaka sita ya pikipiki ilimfundisha: aliachia mafuta yote, akageuza usukani kushoto hadi mwisho, akaulaza mwili upande huo. Mashine ilipunguza mwendo kidogo, lakini haikugeuka. Ilikwenda moja kwa moja kuelekea ubavu wa mtumbwi.

Mzee aliusikia mlio, akageuka, akapiga kasia mara mbili kwa nguvu, na ile nusu mita aliyoipata ndiyo iliyofanya mashine igonge ncha ya nyuma ya mtumbwi badala ya katikati, alipokuwa ameketi mtoto. Mtumbwi ulipinduka. Kijana na dada yake walirushwa ubavuni. Kwa kuwa kidole kilikuwa kimetoka kwenye kikono, injini ilibaki ikinguruma polepole bila mtu, ikajivuta mbali taratibu, na upepo ukaisaidia.

Jaketi la dada lilimpanda hadi masikioni mara alipotumbukia. Kidevu chake kilizama ndani ya tundu la shingo, na akawa anayashika mabega ya jaketi kwa mikono miwili, akiyavuta chini ili apate kupumua. Mtoto alitokea upande wa pili wa mtumbwi akikohoa. Mzee alimshika kwa fulana, akamweka juu ya tumbo la mtumbwi uliopinduka, akaita: «Binti, njoo huku! Shika mtumbwi! Usiache mtumbwi!» Dada alikuwa mita tatu tu kutoka hapo, lakini hakuweza kuzipita peke yake, kwa hiyo mzee alimnyoshea kasia, akalishika, akavutwa.

Wakati huo kijana alikuwa anaogelea kuelekea mashine, na mzee alimwita mara mbili bila kupata jibu.

Msimamizi aliona kila kitu kutoka ufukweni. Palikuwa na jetiski ya pili, lakini hakuichukua. Alikimbilia mtumbwi mkubwa wenye injini ya nyuma, akachukua vijana wawili wenye kasia. Kidumu cha petroli kilikuwa kimefungiwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa jikoni. Tangu mgongano hadi msaada kufika zilipita dakika kama kumi na mbili. Alipokaribia, mita 30 hivi, alizima injini na kuinua rafadha, wakamalizia kwa kasia. Kijana aliokotwa baadaye kidogo na mama wawili waliokuwa wakivuka na mihogo. Walimkuta amechoka, amelala chali juu ya jaketi lake, kaskazini mwa mahali pa ajali, na mashine iko mbali naye kuliko alipoanza kuifuata.

Matokeo

Hakuna aliyekufa. Mtoto alikuwa amekunywa maji, akalazwa hospitalini usiku mmoja ili mapafu yake yachunguzwe; uamuzi huo ulikuwa sahihi, maana shida ya kupumua baada ya kunusurika kuzama inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, mtu akiwa anaonekana mzima. Mzee aliumia ubavu na hakwenda ziwani kwa wiki tano. Ubao wa nyuma wa mtumbwi ulipasuka, nyavu zikapotea. Dada alipata michubuko kidevuni. Familia mbili na wenye nyumba ya wageni walikaa mbele ya wazee wa wavuvi, na mbao, nyavu na siku ambazo mzee hakufanya kazi vikalipwa. Kijana alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mzee, pamoja na baba yake, kuomba msamaha.

Mashine ilipovutwa hadi ufukweni iliwashwa ili ipimwe, nayo ikalia kwa sauti kali bila kusukuma maji. Mmoja wa vijana aliinama kuingiza mkono chini ya wavu wa chuma huku injini ikinguruma. Msimamizi alimrudisha nyuma kwa bega, akazima, akachomoa kamba, ndipo wakaona: vipande vya nyavu za mzee na mfuko wa plastiki uliosokotana navyo. Plastiki ni taabu ya kila siku katika ghuba hii, taka zilezile zinazofuata mkondo hadi mto Ruzizi na kuziba mitambo ya bwawa la umeme. Mwendeshaji wa jetiski Bukavu lazima ajue mlio ule na maana yake: zima, chomoa kamba, usiguse lolote kabla ya hapo.

Sekunde tatu: uchambuzi wa kosa la msingi

Watu wengi waliosimuliwa kisa hiki walisema kijana alikuwa na mwendo wa kasi na hakuangalia mbele. Ni kweli, na yeye mwenyewe hakukana. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimempa lawama mtu wa mwisho kwenye mlolongo na kuuacha mlolongo wenyewe mzima, tayari kwa Jumapili nyingine.

Sentensi ya msimamizi, «ni kama pikipiki tu», ndiyo iliyonisumbua kuliko mengine yote. Ilisemwa kwa nia njema, na aliyeisema alijua kwamba si kweli: aliponieleza jinsi mashine inavyogeuka, alieleza vizuri kuliko nilivyoandika hapa juu. Alikuwa na ujuzi huo mkononi kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuona tena haja ya kuutoa mdomoni. Naye kijana alikuwa na ujuzi wa pikipiki mkononi kwa namna ileile. Kwenye pikipiki, ukiona hatari unaachia mafuta, unakamata breki, unakwepa, na ukizoea mkono wako hufanya hivyo kabla hujafikiri. Kwenye jetiski mkono huohuo, kwa kutii mazoea yake mema, unakunyang'anya usukani wakati unapouhitaji. Kwa hiyo mwendesha pikipiki hodari si mwanafunzi mwepesi wa jetiski, bali anahitaji muda mrefu zaidi, kwa kuwa ana jambo la kusahau kabla ya kujifunza.

Nilimwuliza kijana kama angeokoka iwapo angeambiwa kwa maneno: «Ukiachia mafuta hugeuki.» Alifikiri, akajibu kwamba pengine angeyakumbuka baada ya kugonga. Naona alisema kweli.

Ni lazima pia niseme kwamba hata mwendeshaji mzuri, akiwa na mita 40, mwendo ule, na abiria asiyejua kuogelea mgongoni, asingekuwa na njia nzuri. Angebakiza mafuta na kukata kona kali, na huenda angeukosa mtumbwi, lakini kona ya namna hiyo humtupa abiria. Tena mtu akitupwa nyuma karibu na mdomo wa mashine, maji yanayotoka kwa nguvu yanaweza kumjeruhi vibaya ndani ya mwili. Ndiyo maana watengenezaji hushauri abiria wavae suruali nene ya mpira ya kuogelea, wala si nguo nyepesi ya kawaida. Nafasi ya kweli ya kuepuka ajali ilikuwa kabla ya zile sekunde tatu: kutovuka bidoni, kutoelekeza uso juani kwa mwendo ule, na kupunguza mwendo kabla ya kugeuza kichwa kumsikiliza mtu.

Kamba, jaketi na uamuzi wa kuifuata mashine

Kamba ilizungushwa kwenye usukani kwa sababu wateja walilalamika kwamba inawazima katikati ya starehe kila wanapoinuka. Ikifungwa hivyo hairuki na mtu anapoanguka, kwa hiyo haimzimii mtu injini. Ingekuwa kwenye jaketi la kijana, mashine ingezima palepale. Upepo ungeisogeza hata hivyo, ila polepole zaidi, na isingevuta nyavu.

Kuhusu jaketi, kipimo ni rahisi na hakihitaji chombo chochote: mtu akishalivaa na kufunga vifungo vyote, mwingine asimame nyuma yake alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni, si lake. Hakuna mkazi wa pande hizi asiyejua gharama ya kwenda majini bila jaketi. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichojaa abiria kutoka Minova kilipinduka katika ziwa hilihili, mbele ya bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. Lakini jaketi lisilomkaa mtu lina hatari yake ya pekee, kwamba kila mtu anayemtazama aliyelivaa huamini yuko salama.

Kijana aliifuata mashine kwa sababu, kwa maneno yake, aliona ndiyo njia ya haraka ya kuleta msaada, tena aliogopa kuilipa. Alimwacha dada yake kwa watu wasiomjua. Sioni haja ya kumhukumu. Mtu aliyetoka kugonga hafikiri vizuri, na ndiyo sababu jambo hili lisemwe kabla ya kuondoka ufukweni: ukianguka, kaa na watu wako na kitu kikubwa kinachoelea kilicho karibu. Mashine tupu inayosukumwa na upepo huikuti.

Yaliyofanywa vizuri

Mzee ndiye aliyeokoa watu siku ile. Kasia zake mbili zilibadilisha mahali pa pigo, na amri yake ya kushika mtumbwi iliwaweka watatu pamoja, juu ya mbao zinazoelea hata zikipinduka, katika maji ambayo si baridi kiasi cha kuua kwa dakika kumi na mbili. Alimnyoshea binti kasia badala ya kumwogelea, na hivyo hakumpa nafasi ya kumkumbatia na kumzamisha. Nilipomwuliza alijifunza wapi, alishangaa kidogo, akasema baba yake hakuwahi kufanya vinginevyo.

Msimamizi naye alichagua vema chombo cha uokozi. Jetiski ya pili ingefika mapema, lakini mtu mmoja juu yake asingeweza kuinua watu watatu, na angelazimika kukaribia vichwa vilivyo majini kwa mashine ileile isiyogeuka bila mafuta. Kuzima injini mita 30 kabla kulimgharimu dakika moja, na ilikuwa dakika ya halali. Zile zilizopotea kwa ufunguo wa stoo hazina utetezi.

Yaliyobadilishwa

Ukodishaji ulisimamishwa kwa wiki tatu. Kidumu cha petroli cha dharura sasa kinakaa ndani ya mtumbwi wa uokozi. Yalinunuliwa majaketi madogo. Kamba isipokuwa kwenye jaketi la mwendeshaji, msimamizi haachii mashine.

Badiliko nililolipigania mwenyewe ni zoezi la bidoni. Bidoni moja tupu hutupwa majini mahali pasipo na watu, na msimamizi huketi nyuma ya mteja. Mteja huelekea bidoni kwa mwendo mdogo, na karibu nayo huambiwa: «Achia mafuta, geuza.» Anageuza, bidoni inagonga pua ya mashine na kupita chini ya ubavu, kila mara. Wengi hucheka kwa mshangao, wengine hutazama usukani kana kwamba umevunjika. Kisha anarudia akibakiza mafuta kidogo wakati wa kugeuza, na mashine inaipita bidoni kwa upana wa mkono. Anarudia tena na tena hadi kidole kikatae kuachia. Kwa mtu mpya huchukua dakika kumi. Kwa wenye pikipiki nimeona ikichukua ishirini na tano.

Bado kuna jambo ambalo sijakubaliana na wenye nyumba ya wageni. Mteja anayerudi mara ya pili haombwi tena kufanya zoezi, kwa maelezo kwamba ameshalijua na hataki kulipia muda huo. Nimewaambia, na nitaendelea kuwaambia, kwamba baina ya Jumapili hizo mbili mteja huyo ameendesha pikipiki siku sita.